Nani Aliyeziba Sinki?

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mambo mazito ya ndoa: fedha, wakwe, ulevi, uaminifu. Leo nawaomba mnivumilie nizungumze juu ya sinki la jikoni. Msicheke. Nimewaona mume na mke waliovumiliana miaka kumi ya dhiki, wakalala njaa pamoja bila kulaumiana, halafu wakanyimana salamu siku nne kwa sababu ya maji machafu yaliyokataa kushuka.

Watu hao wanaishi Nairobi, katika nyumba ya chini kabisa ya jengo la ghorofa nne. Nina ruhusa yao kueleza haya, ila nimebadilisha mambo machache wasitambulikane. Wana watoto watatu, na wakati huo walikuwa na msichana wa kazi, mpole, asiye na maneno mengi. Ulikuwa mwezi wa Julai, na wakaaji wa Nairobi wanaijua baridi ya mwezi huo. Jumatano moja jioni bwana alirudi kutoka kazini akakuta vyombo vinaoshwa bafuni ndani ya karai, na sinki limejaa maji ya rangi ya majivu karibu yamwagike. Akauliza swali ambalo hata mimi ningeuliza: "Nani ameziba sinki?"

Mke akamtazama msichana. Msichana akatazama chini. Basi jibu likawa limepatikana.

Alhamisi akaitwa fundi. Alifungua ile sehemu ya bomba iliyopinda chini ya sinki, akatoa tope la majani ya chai, punje za wali na mafuta meupe, akaifunga tena, maji yakashuka, akalipwa shilingi 1,500 akaenda zake. Ijumaa ilikuwa mwisho wa mwezi. Msichana alipopokea mshahara wake aliukuta umepungua kwa shilingi 1,500. Hakusema neno. Jumamosi asubuhi alifunga mzigo wake akaondoka. Na Jumapili mchana, baada ya chakula, sinki likajaa tena.

Hapo ndipo ugomvi wenyewe ulipoanza, kwa maana sasa walikuwa wawili tu, na hapakuwa na mtu wa tatu wa kutazamwa.

Nilipofika kwao Jumatano iliyofuata kila mmoja alikuwa na kesi yake tayari. Bwana alisema: "Mimi siingii jikoni. Sijawahi kuosha hata kikombe hapo. Nitazibaje kitu ambacho sikigusi?" Bibi naye akasema: "Baba watoto, nani anayetaka nyama ya kukaanga kila jioni? Mafuta hayo ulitaka niyamwage wapi?" Ukweli ni kwamba wote wawili walikuwa wakisema kweli. Ndiyo maana sikuweza kuwapatanisha. Ukiwa na mwongo mmoja kati ya watu wawili, kazi yako ni rahisi. Lakini ufanyeje na wakweli wawili, kila mmoja ameshika nusu yake kwa mikono miwili?

Kwa bahati nzuri hawakuniita mimi peke yangu. Walikuwa wamemwita pia fundi wa pili, mzee mmoja aliyefika nikiwa bado pale. Mzee huyu hakuuliza nani. Aliweka mkoba wake chini, akayatazama maji, kisha akauliza: Je, yanashuka polepole au yamesimama kabisa? Ni sinki hili tu, au bafu na choo pia vinasumbua? Maana vikisumbua vyote pamoja, taabu iko mbali, katika bomba kubwa la majitaka. Likisumbua sinki peke yake, taabu iko kwenye njia ya sinki. Akajibiwa kwamba ni sinki tu. Kisha akauliza swali ambalo sikulitazamia: "Usiku, mfereji ukiwa umefungwa na hakuna anayeosha kitu, maji haya hubaki palepale au huongezeka?"

Bibi alifikiri kidogo. "Asubuhi nikiamka huwa yameongezeka," akasema. "Na leo nimekuta vipande vya sukuma wiki. Sisi jana tulikula kabeji."

Mzee akacheka. Akatueleza kwamba majiko ya ghorofa zote nne, yaliyojengwa moja juu ya jingine, yanamwaga maji yao katika bomba moja lililosimama. Bomba hilo likiziba kwenye mguu wake, maji ya watu wa juu hayana pa kwenda, nayo hupanda na kutokea kwenye tundu la kwanza yanalolipata, yaani sinki la nyumba ya chini. Kwa hivyo maji ambayo familia hii ilikuwa ikigombania kwa sehemu kubwa hayakuwa yao. Yule fundi wa kwanza hakudanganya. Alikuta tope kweli, akalitoa, na maji yakapata mwanya wa kupenya kidogo kidogo. Lakini Jumapili watu wote wa jengo walikuwa nyumbani wakipika, na mwanya ule haukutosha.

Kabla ya kuingiza mkono ili ayachote maji, mzee aliuliza swali moja zaidi. "Kuna mtu amemwaga dawa yoyote humu?"

Kimya. Bibi akasema hapana. Bwana akakohoa, akasema kwamba Jumapili usiku, wote walipokwisha kulala, yeye alimimina punje za kostiki soda, ile inayotumiwa na watengenezaji wa sabuni, akitumaini asubuhi watakuta mambo yamekwisha. Hakumwambia mtu. Bibi akatazama vidole vyake. Tangu Jumatatu ngozi ilikuwa ikimbambuka, naye alidhani ni sabuni mpya ya vyombo.

Niseme hapa jambo moja kwa faida ya kila nyumba. Kostiki soda huchoma ngozi na macho. Maji yakiwa yamesimama haifiki kwenye kizuizi. Hubaki ndani ya maji yale yale ambayo mtu mwingine atatia mkono. Tena ikikutana na mafuta hufanya sabuni, na sabuni hiyo huweza kuganda ndani ya bomba ikawa ngumu kuliko mafuta yaliyokuwapo. Usiichanganye kamwe na dawa nyingine, na wala usichanganye dawa ya kutoa madoa na tindikali, kwa maana hutoa gesi ya klorini inayoumiza mapafu. Na ikiwa umekwisha kuimimina, mwambie fundi, umwambie na mkeo. Bwana huyu hakuwa mtu mbaya. Alitaka kumaliza shida bila kelele. Lakini ni yeye aliyekuwa ameuliza kwa sauti kubwa "nani", na wakati anauliza tena kwa mkewe Jumatatu, jibu la sehemu moja alikuwa nalo moyoni.

Tulizunguka nyuma ya jengo. Mzee alifunua mfuniko wa kishimo kidogo kilicho chini ya lile bomba lililosimama. Ndani yake palikuwa na bamba la mafuta meupe, lenye unene kama mkate, limeshika pande zote za saruji. Alilivunja kwa mtaimbo, akalitoa kwa koleo, akapitisha waya mrefu katika bomba akiuzungusha. Baada ya saa moja hivi tulisikia kutoka jikoni ile sauti ya maji yanayomezwa, na sijui kama kuna sauti nyingine inayofurahisha watu namna hiyo.

Sasa hebu tulirudie swali la bwana, maana ni swali la haki, na haki haipaswi kudharauliwa hata jikoni. Nani aliyeziba?

Mafuta ya ng'ombe, na yale mafuta meupe ya kupikia ya mkebe, ni maji yakiwa moto kwenye sufuria. Yakipoa kufikia nyuzi 40 hivi huanza kuganda, na bomba la Nairobi usiku wa Julai, joto likishuka hadi nyuzi 11 au 12, ni kama friji. Kijiko kimoja cha mafuta huteleza, hushika ukuta wa bomba, hubaki. Cha kesho hushika juu yake. Majani ya chai hunasa hapo, wali unanasa kwenye majani. Hakuna kijiko hata kimoja unachoweza kukiinua ukasema, "Hiki ndicho kilichoziba." Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kilijazwa na familia nne kwa miaka. Mwaka 2017 huko London, katika mtaa wa Whitechapel, walikuta ndani ya bomba la majitaka donge la mafuta na takataka lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130. Aliyeziba ni nani? Ni watu walioosha masufuria yao usiku wakaenda kulala kwa amani.

Mwanafalsafa Mwingereza Derek Parfit aliliandikia jambo hili mwaka 1984 katika kitabu chake Reasons and Persons. Anasema tunakosea tukidhani kwamba tendo ambalo madhara yake hayaonekani haliwezi kuwa baya. Akatoa mfano ulio kinyume, wa wema: majeruhi wengi wamelala jangwani wakiwa na kiu, na watu wengi vivyo hivyo, kila mmoja akiwa na kipimo kidogo cha maji, wanayamimina katika tangi moja litakalopelekwa huko wagawiwe sawa. Kipimo changu kinamwongezea kila majeruhi kiasi ambacho hata ulimi wake hauwezi kukihisi. Je, nisimimine? Kama wema mdogo namna hiyo ni wema, basi kijiko changu cha mafuta nacho si bure.

Nakubaliana naye, lakini nadhani haitoshi. Maana mtu anaweza kuondoka hapo na moja ya majibu mawili, na yote mawili nimeyaona yakiharibu nyumba. La kwanza ni lile la Jumatano ya kwanza: kwa kuwa lazima awepo mwenye kosa, atafutwe aliye karibu na asiyeweza kujitetea. La pili ni la watu wapole: sote tumeziba, kwa hivyo hakuna aliyeziba, tusameheane tuendelee. Jibu hili la pili linapendeza masikioni, hasa masikioni mwa yule ambaye anadaiwa.

Mimi ningeuliza swali jingine. Nani alijua, na tangu lini? Tuliojifunza katekisimu tunakumbuka kwamba uzito wa kosa hupimwa pia kwa kujua na kwa kukubali. Na ingawa sisemi kwamba kumwaga mafuta ni dhambi ya mauti, kipimo hicho kinafaa hata hapa. Aliyemwaga kijiko cha mafuta mwaka wa kwanza, hakuna anayemwambia, maji yanashuka vizuri, huyo simlaumu. Lakini sinki haliamui kuziba ghafla. Hutoa ishara. Maji hushuka yakizunguka polepole kuliko jana. Hutoa mlio wa koo. Harufu huanza kupanda asubuhi. Kuanzia siku unapoiona ishara, kijiko kile kile, cha mafuta yale yale, si tendo lile lile tena.

Nikawauliza: ishara ilianza lini? Bwana alisema aliusikia mlio ule usiku alipokwenda kunywa maji, akafikiri, "Mama watoto ataona." Bibi alikuwa ameona. Halafu, polepole, akasema jambo ambalo nadhani hakutaka kulisema mbele yangu. Yule msichana alikuwa amemwambia. Mwanzoni mwa Juni, na tena baada ya wiki mbili: "Mama, sinki inaenda polepole." Naye alimjibu, "Mwaga maji moto."

Maji moto. Niseme pia juu ya hayo, maana kila nyumba hutumia dawa hiyo. Maji yanayochemka huyeyusha mafuta hapo yalipo na kuyasukuma mbele mpaka mahali penye baridi, nayo huganda tena huko, mbali zaidi na mkono wako. Mara nyingi ukiyamimina katika mabomba ya plastiki, hulegeza viungo navyo huanza kuvuja. Kwa wiki chache kila mtu anafurahi.

Kwa hivyo kati ya watu wazima watatu wa nyumba ile, ni mmoja tu aliyejua akasema, na ndiye aliyelipa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa hasara iliyotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Makusudi. Sijui nyumba ngapi zinazomkata msichana kwa kikombe kilichovunjika au kwa sinki lililoziba huuliza kwanza kama alikusudia. Wala si suala la sheria peke yake. Mkubwa wa nyumba akimlipisha mtu kosa ambalo halijachunguzwa, wengine wote nyumbani hujifunza kitu: ukiona ishara, nyamaza, kwa maana anayesema ndiye wa kwanza kukumbukwa. Watoto walikuwa mezani Jumatano ile.

Bado lile neno la bwana, "Mimi siingii jikoni." Alilitoa kama utetezi. Nilimwambia, kwa heshima, kwamba kwangu lilisikika zaidi kama ungamo. Ni kweli kwamba mkono ulio karibu na sinki ndio unaomwaga. Lakini nani alipanga kwamba mikono hiyo iwe ya mkewe na ya msichana siku zote? Yeye alikula nyama; mafuta yale yalikuwa yake kabla hayajafika kwenye bomba. Alikasirika kidogo. Akasema babake hakuingia jikoni na nyumba haikuzama. Nikamkumbusha kwamba jiko la babake lilikuwa la mafiga matatu na maji yalimwagwa migombani. Hapo bibi akacheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo, na bwana naye akashindwa kuzuia.

Sitaki mfikiri kwamba bibi nilimwachia. Yeye alimtazama msichana. Hakusema neno la uongo, hakumshtaki. Alitazama tu, na alijua macho yake yangepokewa vipi. Nilipomwuliza kwa nini, alijibu kwa unyofu ulioniumiza: "Kwa sababu kama si yeye, ingekuwa mimi." Nawaachia akina mama wanaosoma wapime wenyewe neno hilo. Mimi naliona kuwa kweli, na naona pia kwamba halimpunguzii deni. Na waume walipime, maana mtu haogopi hivyo katika nyumba ambamo swali la "nani" huulizwa kwa upole.

Mambo waliyokubaliana hayakuwa makubwa. Mafuta yaliyobaki kwenye kikaango yapoe, yamiminwe katika mkebe, ukijaa utupwe na takataka. Masufuria na sahani zipanguswe kwa gazeti kuukuu kabla ya kuoshwa. Kichujio kiwekwe kwenye tundu. Mkebe ni kazi ya bwana. Lakini mkebe wa nyumba moja hausaidii kitu ikiwa nyumba tatu za juu zinaendelea kumwaga, kwa hivyo ilimbidi bwana apande ngazi kubisha kwa majirani ambao kwa miaka miwili alikuwa akiwasalimu langoni tu. Aliniambia baadaye kwamba hiyo ndiyo ilikuwa ngumu kuliko yote, maana alijua wangemjibu kama yeye alivyojibu: sisi hatujaziba kitu, kwetu maji yanashuka vizuri. Na ndivyo wawili kati yao walivyojibu. Mmoja alishuka kuja kuona kishimo. Mwenye nyumba alikubali kiwe kinasafishwa kila baada ya miezi mitatu. Sijui kama hufanyika.

Ikabaki shilingi 1,500. Bwana alitoa simu yake akaanza kuzituma kwa M-Pesa hapo hapo. Nilimwuliza kama fedha zitakwenda peke yake. Akanitazama, akazituma, kisha akapiga simu, akaweka sauti ili mkewe asikie. Msichana alikuwa amekwisha pata kazi nyingine. Alimsikiliza bwana mpaka mwisho. Nadhani hakuwahi kusikia mtu mzima wa cheo chake akitafuta maneno namna ile. Alishukuru kwa fedha. Halafu akanyamaza, tukadhani simu imekatika.

"Baba," akasema, "mimi niliwaambia."

Bwana hakupata la kujibu. Bibi alinyoosha ule mkono wenye vidole vilivyobambuka, akaichukua simu.

"Ulituambia," akasema. "Ulituambia mara mbili."